Mwindaji, Nyama na Mwenye Kuchora: Juu ya Sanamu za Kale za Uhindi

Swali tunalojibu hapa lilitufikia kwa mdomo wa katekista mmoja wa pande za Kolwezi. Wakristu wa kikanisa chake wamemaliza kupaka chokaa, na ukuta wa nyuma ya altare ungali mweupe. Fundi wa tablo amepatikana, kijana wa mji, na bei yake si kubwa. Wazee wanataka achore nyama wa pori, simba na swala na punda milia, kwa kuwa hao ni viumbe vya Mungu na watoto hawawaoni tena. Wengine wanakataa kabisa. Wanasema: nyama wa rangi ni pambo la baa na la hoteli, si la nyumba ya Mungu, tena uwindaji una dawa zake na mizimu yake, nasi tulibatizwa tuache mambo hayo. Padri wao amewaambia wangoje. Katekista akatuuliza: ninyi mnaosoma vitabu, mnaonaje?

Tungaliweza kujibu kwa maneno mawili. Lakini juma lile lile tuliingia katika duka la Mhindi mmoja kununua daftari na mishumaa, tukakuta ukutani kalendari ya mwaka uliokwisha, na juu yake sanamu ya kale: mfalme juu ya farasi, upanga mkononi, na swala wanamkimbia kila upande. Mwenye duka alipoona tunatazama sana, akaitoa katika msumari akatupa bure. Ndiyo sababu jibu letu limekuwa refu na linapitia Uhindi. Tunaungama mapema kwamba sanamu zenyewe hatukuziona kwa macho yetu. Nyingi ziko mbali, katika muze za London na za Dublin, nasi tunazijua kwa foto tu. Tujue pia kwamba ni karatasi ndogo, sawa ukurasa wa kitabu. Zilitengenezwa kushikwa mikononi, wala hazikutundikwa, na mwenye kuzitazama aliziinamia sawa padri anavyoinamia misale.

Tuanze na iliyo kubwa kwa sifa. Mwaka 1567 mfalme Akbar, Mwislamu wa jamaa ya Wamogoli waliotawala Uhindi wa kaskazini, alifanya uwindaji karibu na mji wa Lahore kwa namna iliyoitwa kamarga. Namna hiyo ni hivi: watu maelfu kwa maelfu wanatumwa porini, wanafanya duara kubwa sana, wanapiga kelele na kusonga mbele polepole siku nyingi, na duara linazidi kuwa dogo, hata nyama wote wa inchi ile wanakusanyika katikati sawa samaki katika wavu. Ndipo mfalme anaingia peke yake na kuua apendavyo. Akbar aliwinda hivyo siku tano, kwa mshale, kwa upanga, kwa mkuki, kwa bunduki. Watu wa hapa petu wanaokumbuka uwindaji wa wavu, au wa moto wakati wa kiangazi, wataelewa upesi, ila wafikiri duara lenye kuzunguka inchi nzima.

Karibu na mwaka 1590 wachoraji wa nyumba ya mfalme walipewa kazi ya kuweka jambo hilo katika kitabu cha habari zake, kinachoitwa Akbarnama. Fundi Miskina alipanga sanamu, kurasa mbili zinazotazamana. Wengine walipiga rangi, na mmoja wao alikuwa Mansur, ambaye tutamkuta tena. Leo ziko London, katika muze ya Victoria and Albert. Jicho linakwenda kwanza kwa mfalme, kama lilivyoamriwa. Lakini likikaa kidogo linaanza kuona nyama. Kila mmoja anakufa kwa namna yake. Huyu anageuza shingo kumtazama duma aliyemrukia (duma ni nyama sawa chui mwembamba, Wahindi walimfundisha kuwinda kama sisi tunavyomfundisha mbwa). Yule amepinduka, miguu juu. Wengine wawili wanakimbia bega kwa bega, na ukifuata njia yao kwa kidole unakuta wanarudi palepale walipotoka, kwani kuna ua pande zote. Miskina alijua jambo hili: katika duara hakuna mbele wala nyuma. Alilichora waziwazi, ndani ya kitabu kilichoandikwa kumsifu mwenye duara.

Kuna jambo lingine, na sisi tulilipita mara ya kwanza. Kati ya kelele zile zote yuko mtu juu ya punda, amenyolewa, ameketi kinyumenyume. Jina lake Hamid Bakari. Kitabu kinasema alimpiga mshale mmoja wa watu wa baraza wakati wa uwindaji. Mfalme aliamuru akatwe kichwa kwa upanga wa mfalme mwenyewe. Ukapiga mara mbili bila kumdhuru. Basi akaachiwa uhai, lakini akanyolewa na kuzungushwa katika uwanja wa uwindaji ili watu wamcheke. Miskina angaliweza kumwacha nje. Ukurasa ulikuwa umejaa tayari. Alimweka ndani. Tunadhani alifanya vema, na kwamba mtu huyu mdogo ndiye ufunguo wa sanamu yote, kwa sababu kwa yeye tunaona kwamba duara lilikamata watu pia.

Mmoja atauliza: Je, sanamu ya mauaji inaweza kuwa nzuri? Tunajibu kwamba ni nzuri, na kwamba uzuri wake ndio unaotutia taabu. Rangi ya dhahabu ya majani, mistari ya mgongo wa swala iliyochorwa kwa burashi nyembamba mno, vyote vinapendeza jicho, na moyo unakuja nyuma ukiuliza kwa nini jicho limefurahi. Sanamu isiyotuletea taabu hiyo, ambayo inataka tumshangilie mwindaji tu, tunaiweka chini. Na Uhindi ina nyingi za namna hiyo. Wafalme wadogo wa Kotah, kwa mfano, katika karne ya 18 na mwanzo wa 19, waliagiza sanamu za uwindaji kwa wingi: simba na chui wakubwa usiku, bonde lenye giza, na mfalme amejificha katika mnara na bunduki yake. Msitu wao ni wa ajabu, hatukatai. Kila jani linapumua. Lakini mfalme Umed Singh, anayeonekana humo akipiga nyama bila kukosa, hakuwa na amri katika inchi yake. Mwenye amri alikuwa waziri wake Zalim Singh, naye hakusikitika kuona bwana wake anakaa porini. Inchi zetu pia zimejua masultani waliochorwa na ngozi ya chui begani, wakati kalamu na sanduku la feza vilikuwa kwa mwingine.

Turudi kwa Akbar, kwani habari yake haikuisha Lahore. Mwaka 1578, alipokuwa na miaka 35, aliamuru kamarga nyingine karibu na Bhera. Duara lilikuwa limekwisha kufungwa, nyama wamekusanyika, watu wanangoja. Ghafula mfalme akashikwa na jambo la rohoni ambalo waandishi wake hawakuweza kulieleza vizuri. Akakataza kuua. Duara likafunguliwa, nyama wote wakaenda zao, na feza zikagawiwa maskini.

Sisi Wakristu tukisikia habari hiyo tunakumbuka mara moja Mtakatifu Eustaki na Mtakatifu Huberti, wawindaji wawili ambao masimulizi ya kale yanasema walikutana na paa mwenye msalaba kati ya pembe zake, wakaacha kuwinda wakageuka. Wazee wetu walijua jina la Huberti kwa Wazungu wa Ubelgiji, kwa sababu ndiye mwombezi wa wawindaji wa milima yao ya Ardennes. Hatusemi kwamba Akbar alimwona Kristu. Tunasema tu kwamba alisimama katikati ya duara lake mwenyewe akatazama, na hilo si dogo kwa mfalme. Na tazameni tarehe: miezi michache baadaye alituma barua Goa kwa Wareno, akiomba mapadri wenye elimu waje kumweleza dini yao. Mapadri Wajesuiti walifika katika mji wake wa Fatehpur Sikri mwezi wa pili wa mwaka 1580. Mkubwa wao Rudolf Acquaviva, pamoja naye Antonio Monserrate na Francisco Henriques. Walimpelekea Biblia kubwa ya lugha nyingi iliyochapwa Antwerp, mji wa Ubelgiji, vitabu kadhaa. Mfalme alivibusu na kuviweka juu ya kichwa. Ubatizo hakuupokea. Padri Acquaviva aliuawa karibu na Goa mwaka 1583, naye Kanisa limemtangaza Mwenye heri mwaka 1893.

Katika seminari tulizoea kusikia mwisho wa habari hii kama hasara: mapadri walikwenda, mfalme hakubatizwa. Mwenye kutazama sanamu anaona mavuno mengine. Biblia ile na karatasi zilizochapwa Ulaya zilipita mikononi mwa wachoraji wa mfalme. Mwaka 1600 kijana wa miaka 13, jina lake Abu'l Hasan, alichukua sanamu ya Mtakatifu Yohane iliyotoka kwa Mjeremani Dürer, akaichora upya; karatasi yake iko Oxford hata leo. Mtoto Mwislamu, anamchora Mtume chini ya msalaba ambao dini yake haiukiri, na uso anautengeneza kwa heshima yote. Tunapenda wale wanaosema kwamba nyama ni mambo ya wapagani wafikiri kidogo juu ya kijana huyu. Yeye hakuogopa sanamu ya wengine.

Tufike kwa Jahangir, mwana wa Akbar, aliyetawala toka 1605 hata 1627. Huyu alikuwa mtu wa ajabu, mwenye kupenda nyama na kuwaua kwa kiasi kile kile. Aliandika mwenyewe kitabu cha maisha yake, na humo amefanya hesabu: toka miaka yake 12 hata 50, nyama 28,532 waliwindwa mbele yake, na katika hao 17,167 aliwaua kwa mkono wake. Ni mtu gani anayehesabu hivyo? Tunafikiri ni mtu anayejua kwamba siku moja ataulizwa. Mtu huyo huyo alikuwa na swala mfugo aliyeitwa Mansraj. Alipokufa, mfalme alimjengea kaburi lenye jiwe la kuandikwa, na karibu yake mnara ambao ungalipo karibu na Lahore, unaitwa Hiran Minar. Akakataza mtu yeyote kuwinda swala katika pori lile.

Fundi wake wa nyama alikuwa yule Mansur, tuliyemkuta kijana katika kitabu cha Akbar. Jahangir alimpa jina la Ajabu ya Zamani Zake. Kazi yake ilikuwa hivi: nyama wa kigeni akiletwa barazani, mfalme anaita Mansur, na Mansur anatazama. Mwaka 1612 mtumishi mmoja alirudi toka Goa na ndege ambaye Uhindi haikumjua, yule tunayemwita bata mzinga. Mansur akamchora, na kidevu chake chekundu, na kila unyoya mahali pake. Na katika mwezi wa tatu wa mwaka 1621 aliletwa punda milia. Alikuwa ametoka Uhabeshi, akapitia mikono ya Waturuki, tena bahari, hata akafika kwa mfalme. Watu wa baraza hawakuamini macho yao, wakadhani mtu amempaka rangi punda wa kawaida. Jahangir mwenyewe aliandika kwamba walimchunguza mpaka wakaona mistari ni ya Muumba. Baadaye akampeleka zawadi kwa mfalme wa Uajemi.

Sanamu ya Mansur ya punda milia iko London pia. Foto yake ni ile tunayoitazama zaidi ya zote. Hakuna mwindaji ndani yake, hakuna mfalme, hakuna mti wala jiwe la kupamba. Nyama amesimama upande, amefungwa kamba nyekundu kichwani, na kamba imeshikwa na mti mdogo ardhini. Mistari haikuchorwa kwa desturi, mweusi mweupe mweusi mweupe, sawa watoto wa shule wanavyofanya. Mansur aliihesabu: pale shingoni inasimama, pajani inalala, usoni inakuwa midogo sawa nyuzi. Jicho lake halina hasira wala halilii. Ni jicho la mwenye kuchoka na safari. Huyu alitoka katika bara letu, na kadiri tujuavyo ndiye nyama wa kwanza wa namna yake aliyechorwa kwa uangalifu hivi katika Uhindi ile. Mwandishi ni mfungwa wa furaha zake, na sisi tunasamehewe tukisema: kwa ukurasa huu mmoja tunatoa minara yote ya Kotah na simba wake.

Lakini hapa lazima tuseme neno gumu, lisipofichwa na sifa. Nyumba ile ile ya wachoraji, mfalme yule yule, karibu na mwaka 1616, ilitoa sanamu nyingine ya uwindaji. Mchoraji ni Abu'l Hasan, yule kijana wa Mtakatifu Yohane, sasa amekuwa fundi mkubwa. Jahangir amesimama juu ya dunia, upinde mkononi, anapiga mishale katika kichwa cha mtu mweusi kilichotundikwa juu ya mkuki. Mtu huyo ni Malik Ambar. Alizaliwa Uhabeshi karibu na mwaka 1548, akauzwa mtumwa akiwa mtoto, akapita mabwana wengi, hata akawa mkubwa wa jeshi na mwenye amri katika inchi ya Dekani, kusini mwa ufalme wa Jahangir. Aliyashinda majeshi ya Wamogoli kwa vita vya kuvizia. Jahangir hakumkamata kamwe. Malik Ambar alikufa mzee, mwaka 1626, na kichwa chake juu ya mabega.

Maana yake, mshale ule ni uwongo. Kile ambacho mfalme alikosa porini, alikinunua kwa fundi wa rangi. Na tazameni ubaya wake: ni fundi yuleyule, burashi ileile, dhahabu ileile. Mkono uliomheshimu Yohane ulimtundika Mwafrika sawa kichwa cha swala. Wanaseminari wapenda kuuliza kama sanaa inamfanya mtu kuwa mwema. Jibu liko Dublin, katika nyumba ya vitabu ya Chester Beatty, mahali karatasi hiyo inapohifadhiwa.

Toka hapo tumejifunza kutazama sanamu za uwindaji kwa swali moja: aliyewindwa yuko wapi, na fundi amemtazama kwa macho ya nani? Kwa swali hilo turudi kwetu.

Wazee wa inchi hii walimheshimu mwindaji sana. Waluba wanasimulia juu ya Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyetoka mashariki, mtu wa adabu, baba wa Kalala Ilunga aliyemshinda Nkongolo. Walunda na Wachokwe wana Chibinda Ilunga, mwindaji aliyemwoa malkia Lueji. Wachongaji wa Wachokwe walimchonga katika karne ya 19 mikono mikubwa, miguu mikubwa, bunduki, na pembe ya dawa; kazi zenye nguvu, zimetapakaa leo katika muze za Ulaya na za Marekani. Lakini swala hayumo. Mwindaji ni mfalme mwenyewe, na nyama amebaki porini. Hatulaumu. Tunasema tu kwamba Mansur wetu alichelewa.

Alikuja mwaka 1946, katika Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi toka 1966. Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana iliyoitwa Le Hangar. Aliwakataza vijana wake kuiga Wazungu, akawaambia wachore wanachokijua. Watatu walitoka na jina kubwa: Bela, aliyechora kwa vidole bila burashi, Mwenze Kibwanga, aliyejaza tablo kwa mistari mifupi mifupi sawa mkeka, na Pilipili Mulongoy, mwana wa mvuvi. Ndege wa Pilipili wanalisha watoto wao, nyoka anapanda kwenye kiota, samaki wanapita kati ya majani, na nyuma ni vidoto na mistari tu, hakuna mbingu wala udongo. Tunawapenda. Pilipili alitazama mto kama Mansur alivyotazama punda milia. Nyoka wake na ndege wake wanawindana wao kwa wao, kwa haki ya pori.

Lakini ulizeni swali letu. Mji ule wakati ule ulikuwa na bomba kubwa la moshi la Union Minière na kilima cheusi cha takataka za shaba. Kila asubuhi wachoraji waliviona. Katika tablo za Hangar havimo. Mwenye kununua alikuwa Mzungu wa mji, na alichotaka sebuleni ni Afrika ya kabla yake, yenye swala na bila kambi ya wafanyakazi. Akbar alijiweka katikati ya sanamu. Mnunuzi wa Elisabethville alijiweka nje, na kwa kutokuwamo kwake alitawala vilevile. Hilo halipunguzi ufundi wa Pilipili, lakini linatuonya sisi tunaotaka kuchora nyama ukutani na kuita kazi hiyo sifa kwa Muumba. Je, tunamsifu Muumba, ama tunafunika bomba la moshi?

Waliokuja baada yao walilichora bomba. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu na wenzake waliuza kwa watu wa kambi na wa mtaa tablo zilizopigwa juu ya magunia ya unga: Ukoloni, mfungwa anapigwa fimbo, vita, treni. Rangi zao ni kali, mikono ya watu inakosa mfupa, na mwalimu wa chuo angewarudisha darasa la kwanza. Walakini ndani yao tunamkuta tena yule Hamid Bakari juu ya punda. Tshibumba alichora hata Simba Bulaya, ile hofu ya wakati wa vita vya pili, watu walipoamini kwamba usiku kuna wenye kuwinda watu weusi. Na kuna ile tablo ambayo mashariki ya inchi yetu wanaiita Inakale: mtu amepanda mti, simba chini, nyoka juu, mamba mtoni. Hakuna mfalme. Aliyewindwa yuko katikati, na fundi anamtazama kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu fundi ndiye yeye.

Msomaji wa Kolwezi hatatuuliza sababu ya kusema haya. Mji ulijengwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na mpaka leo mashimo yanaujongea. Mwaka 2017, Kasulo, mtaa ambao watu walikuwa wakichimba kobalti chini ya nyumba zao, ulizungushwa ukuta upande mmoja, na jamaa nyingi zikahamishwa. Tulipita huko na kalendari ya Mhindi akilini. Wengine watatuambia kwamba ukuta uliletwa kuzuia vifo vya wachimbaji, na vifo vilikuwapo kweli. Hatutaki kuhukumu kwa mstari mmoja. Tunasema tu kwamba Miskina angaliona mara moja la kuchora pale.

Basi, jibu kwa katekista. Wazee wana haki: nyama wanaweza kukaa ukutani mwa kanisa. Adamu aliwapa majina kabla ya dhambi, Noa aliwaingiza katika safina, na hakuna amri ya Kanisa inayowafukuza. Wenye kukataa nao wana haki kidogo, ikiwa fundi ataleta simba wa hoteli aliyenakiliwa kutoka simba mwingine wa hoteli. Mwindaji tusimwogope juu ya dawa zake za zamani. Kanisa lina Eustaki na Huberti. Ila tusimchore Nimrodi tukamwita Adamu. Na tungalipenda, mahali fulani chini, hata padogo, awepo mtu anayewindwa. Danieli angetosha.

Tuliomba fundi aje tuzungumze naye. Alikuja Jumapili baada ya Misa, kijana wa adabu, mikono na rangi ya mafuta. Tukamwonyesha foto ya punda milia wa Mansur. Tukamwambia kwamba kundi la mwisho la punda milia katika inchi yetu liko katika mbuga ya Upemba, iliyofunguliwa mwaka 1939, si mbali sana na Kolwezi kama ndege angeruka. Na kwamba wangefaa ukutani kuliko simba, kwa kuwa ni wa kwetu na wamebaki wachache. Akaitazama foto muda mrefu, akafuata mistari ya paja kwa kidole. Halafu akasema hajaona punda milia maisha yake yote, baba yake pia hakuona, na akimchora atamtoa katika kitabu cha shule. Anachokiona yeye kila siku ni mbuzi wanaopanda juu ya kilima cha udongo wa mgodi kutafuta majani, na watoto wanaowafuata na magunia.

Tukamwambia aanze na mbuzi. Padri amekubali.